Kila tuta lilikuwa mtu: Familia ilivyoishi na wasiwasi wa baba

Mkewe alikuwa akiisikiliza injini. Bajaji ikiingia uani saa tatu usiku na kuzimwa, kukawa kimya, aliinuka kuandaa chakula. Ikizimwa kisha ikawashwa tena, alirudisha kawa juu ya sahani, maana alijua mumewe anarudi barabarani na hatakula mpaka saa sita.

Alikuwa anakwenda kumtafuta mtu aliyemgonga. Hakukuwa na mtu aliyegongwa. Mke alilijua hilo, na dereva mwenyewe alilijua vizuri zaidi, kwa kuwa alikwishakwenda kutazama mara mbili. Bado alikwenda mara ya tatu.

Wanaishi Makorora, jijini Tanga. Mume ana miaka 36 na amekuwa dereva tangu alipokuwa kijana. Mke anachoma vitumbua alfajiri na kuviuza mbele ya nyumba. Wana watoto watatu, wa kwanza ni mvulana, wakati huo alikuwa darasa la tano. Bajaji ilikuwa ya mkataba: Sh20,000 kila siku kwa mwenye chombo, na baada ya miezi 16 chombo kingekuwa chao. Miezi saba ilipita bila siku moja ya deni.

Siku ilipoanza anaikumbuka. Abiria aliyemchukua stendi ya Kange alikuwa akisimulia habari ya mtoto aliyegongwa mji mwingine, na dereva akakimbia. Dereva wetu alisikitika kama ambavyo mzazi yeyote angesikitika, akamshusha abiria, akapokea nauli. Jioni alipokuwa akipita Mabawa, tairi la nyuma likaruka juu ya kitu. Alikuwa amepita juu ya tuta hilo maelfu ya mara. Lakini wazo likamjia, safi kabisa, kama mtu amemnong'oneza sikioni: na kama lile halikuwa tuta?

Akageuza. Lilikuwa tuta. Akapumua kama aliyetua gunia la saruji, akaendelea na kazi.

Nafuu ile ndiyo iliyomponza. Kesho yake ilidumu mpaka tuta la pili. Baada ya mwezi, matuta, mashimo, mawe na maganda ya nazi yote yalikuwa watu. Alikuwa akiwashusha abiria njiani na kuwarudishia nauli ili ageuze. Wengine walimtukana, wengine walidhani amesahau simu. Kijiweni wenzake wakampa jina la utani ambalo mkewe hataki litajwe. Usiku alipiga magoti na tochi ya simu, akikagua matairi matatu, moja baada ya jingine, akitafuta damu. Kwanza aliyaosha. Baadaye akaacha kuyaosha, kwa hofu kwamba anafuta ushahidi wa kosa lake mwenyewe. Alisikiliza taarifa za habari za redio kuanzia mwanzo hadi mwisho, akisubiri kutajwa kwa ajali. Mara mbili alikwenda kusimama nje ya kituo cha polisi ili aulize kama kuna maiti imeletwa, akarudi bila kuuliza, kwa sababu aliona kuuliza kwenyewe kutamtia hatiani.

Na alimuuliza mkewe.

"Mama watoto, unadhani nimegonga mtu?"

"Hukugonga, baba."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ulijuaje, na wewe hukuwepo?"

Swali hilo la mwisho halina jibu, na mke alilitafutia majibu kila usiku. Alimkumbusha kwamba watu wangepiga kelele. Kwamba bajaji ingepinda. Kwamba angeona damu. Kila jibu lilimtuliza kwa dakika kumi, kisha likaota swali lake. Usiku mmoja aliweka kikombe kitupu kando ya kitanda, na kila alipojibu akatumbukiza punje ya choroko. Asubuhi alizihesabu. Zilikuwa 63.

Hapo mume alikuja na wazo ambalo mkewe, kwa uchovu, alilikubali. Kama shida ni kwamba hakuna aliyeshuhudia, basi awepo wa kushuhudia. Mvulana wao apande kiti cha nyuma, akae akitazama barabara wanayoiacha. Kwanza ilikuwa Jumamosi tu. Kisha ikawa jioni baada ya shule. Kisha asubuhi, "mara moja tu mpaka Ngamiani halafu nakupeleka shule," na mara moja hiyo ikala siku nzima.

Kwa wiki chache mambo yalikwenda vizuri. Hesabu ya mwenye chombo ilitimia, mume akala chakula cha moto. Mtoto naye alifurahi kuzunguka mji na baba yake badala ya kukaa darasani. Kila baada ya tuta aliulizwa, naye akajibu kama askari: "Hakuna mtu, Baba." Halafu maswali yakamgeukia yeye. Uliangalia wakati wote? Hukupepesa macho? Ulipokuwa unamtazama yule muuza machungwa, nyuma ulikuwa umeangalia nani?

Mwalimu wa darasa alimwita mama. Mtoto alikuwa amekosa masomo siku 19 katika muhula huo. Mama alirudi nyumbani amejaa aibu, akiwa na hotuba aliyoipanga njia nzima, akamkuta kijana wake amejikunyata nyuma ya pipa la maji, analia. Alidhani amepigwa. Mtoto alimwambia kwa sauti ndogo kwamba jana, pale Barabara ya Kumi na Mbili, huenda alipepesa macho.

Hotuba ile hakuitoa tena. Usiku ule bajaji ilipowashwa mara ya pili, alitoka na kusimama mbele ya taa.

Safari ya kutafuta tiba haikuanzia hospitali, kama ambavyo kwa wengi haianzii hospitali. Mama mkwe, ambaye anampenda mwanawe kwa mapenzi yasiyo na mipaka, alimpeleka kwa mganga. Alipewa maji ya kuoga na hirizi ya kuweka chini ya kiti. Ilichofanya hirizi ni kuongeza kitu cha kukagua: sasa alisimama pia kuhakikisha kwamba hirizi ipo. Mkewe anapokumbuka hilo leo hucheka mpaka machozi yakamtoka, ingawa wakati ule hakuna aliyecheka.

Bibi huyo huyo, hata hivyo, ndiye aliyekumbuka jambo ambalo wengine hawakulijua. Mwanawe alipokuwa na miaka 14 au 15 alikuwa akitawadha mpaka sala ya jamaa inaisha. Alianza upya kila alipohisi kwamba kisigino hakikufikiwa na maji. Alinia, akakatisha, akania tena. Watu walimsifu kwa ucha Mungu. Mambo yalipotulia yenyewe baada ya mwaka au miwili, yakasahauliwa.

Imamu wa msikiti wao alipoelezwa hayo alitikisa kichwa. Alimwambia dereva kwamba katika mafundisho ya dini mwenye wasiwasi wa udhu haambiwi arudie mara nyingi zaidi mpaka aridhike. Anaambiwa apite, asiusikilize. Kisha akasema, "Na kama ungekuwa umegonga mtu, Tanga hii isingenyamaza. Nenda hospitali, mwanangu. Dua nitakuombea ukiwa kwenye foleni." Si kila familia hupata imamu wa namna hiyo, na hawa wanajua kwamba walibahatika.

Kiswahili kimelipata neno wasiwasi kutoka Kiarabu, ambako hubeba maana ya mnong'ono, na kwa mtu aliyesikia "na kama lile halikuwa tuta?" sikioni mwake neno hilo halihitaji maelezo. Si maradhi ya kisasa wala ya Wazungu. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, na humo aliupa wasiwasi nafasi yake peke yake, mbali na huzuni, hofu na hasira. Leo madaktari wanauita OCD: mawazo yanayojirudia bila mtu kuyataka, na vitendo anavyolazimika kuvifanya ili atulie. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 100, mmoja hadi watatu huupata wakati fulani wa maisha yao, na wengi huanza wakiwa watoto au vijana. Wapo wanaoosha mikono mpaka ngozi ichubuke. Wapo wanaorudi kutazama kufuli au mtungi wa gesi. Wapo wanaojiwa na wazo la kumdhuru mtoto wao mchanga, wakaficha visu na kunyamaza kwa hofu ya kuitwa wauaji.

Kliniki ya afya ya akili ilikuwa na benchi moja refu na watu wengi. Dereva aliketi akiwa amevuta kofia mpaka machoni, asije akaonekana na abiria wake. Alipoingia, daktari alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza: "Wazo hilo la kugonga mtu, wewe unalipenda?"

Alilia. Alikuwa amekaa mwaka mzima akiamini kwamba mtu anayefikiria hivyo kila siku lazima ana ubaya ndani yake. Daktari alimweleza kwamba ugonjwa huu hupenda kushika pale mtu anapothamini. Mcha Mungu humshika kwenye ibada, mama humshika kwenye mtoto, dereva mwangalifu humshika barabarani. Dereva asiyejali uhai wa watu hageuzi bajaji.

Kisha akamgeukia mke, na hapo ndipo palipokuwa pagumu. Alimuuliza anafanya nini mumewe anapouliza. Mke, kwa fahari kidogo, akaeleza uvumilivu wake wote, hata habari ya choroko. Daktari akamwambia kwa upole kwamba kila punje ilikuwa chakula cha ugonjwa. Ni kama kumkuna mtu upele: anapata raha, na upele unaongezeka. Familia nzima ilikuwa ikikuna. Mke kwa majibu, bibi kwa hirizi, mtoto kwa macho yake.

Mke alinyamaza njia nzima ya kurudi. Anasema hakuumia kwa kuambiwa amekosea. Aliumia kwa sababu kitu pekee alichokuwa amebaki nacho cha kumpa mumewe kilikuwa kile kile alichoambiwa aache kumpa.

Dawa ilikuwa fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi, ikapandishwa taratibu hadi 60. Kwa ugonjwa huu dozi mara nyingi huwa kubwa kuliko ile ya sonona, na hukawia: wiki 8 hadi 12 kabla ya mtu kuona tofauti ya maana. Wiki mbili za kwanza alipata kichefuchefu na usingizi wa mang'amung'amu, akataka kuacha. Wengi huacha hapo hapo. Yeye alipewa onyo kwamba asiiache wala kuipunguza bila daktari, na mkewe akawa anamwekea kidonge kando ya kitumbua cha kwanza kila alfajiri.

Dawa ilikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kupita juu ya tuta na kutorudi. Njia hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer wa London aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliosaidiwa kukabili walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya vile vitendo vya kujituliza, na tangu hapo imekuwa tiba ya mazungumzo inayotegemewa zaidi kwa OCD. Kwa maneno ni rahisi. Kwa dereva ilikuwa hivi: chagua tuta moja, dogo, mchana kweupe. Pita. Endelea. Hofu itapanda mpaka uone kifua kinapasuka. Usigeuze, usitazame kioo cha pembeni, usimuulize mtu. Ngoja. Itashuka yenyewe.

Siku ya kwanza alipita tuta moja karibu na nyumbani, akasimamisha bajaji mita 200 mbele na kukaa akitetemeka, jasho likimtiririka, akijipa alama kama alivyofundishwa. Tisa katika kumi. Tisa. Nane. Ilichukua dakika 40 kufika nne. Dakika 40 bila abiria ni hela nyingi. Kuna watu husema huu ni ugonjwa wa wenye nafasi ya kuwaza. Dereva wa bajaji ya mkataba hana nafasi hiyo, na aliugua.

Mtoto aliondolewa kiti cha nyuma siku ile ile ya kliniki, bila taratibu na bila mjadala. Kwa mke walikubaliana apunguze polepole: swali moja kwa usiku lijibiwe, wiki iliyofuata lisijibiwe hata moja. Walipanga maneno wakiwa wote wawili wametulia, mchana, mume mwenyewe akiyachagua. Akiuliza, mke ataseme: "Najua unaumia. Hilo ni swali la ugonjwa, silijibu. Njoo tule."

Maneno aliyoyachagua mwenyewe mchana, usiku aliyachukia. Alimwambia mkewe hana huruma. Alimwambia amemchoka. Usiku mmoja alichukua mkeka akalala barazani, na majirani waliokuwa wanapita kwenda sala ya alfajiri wakaona, na kufikia mchana mtaa mzima ulijua kwamba ndoa imevunjika. Mke aliendelea kugeuza vitumbua vyake. Anakiri kwamba mara tatu au nne alishindwa, akasema "hukugonga, lala," kwa sababu ilikuwa saa nane usiku na yeye ni binadamu.

Kisha wakagundua kwa nini maswali yalikuwa yamepungua ghafla kuliko walivyotarajia. Alikuwa akimpigia simu mama yake. Kila usiku, kutoka chooni, na bibi akijibu kwa moyo wote: "Hukugonga, mwanangu, lala salama." Alipoulizwa, bibi alikasirika kweli. "Mwanangu aniulize neno moja, nimnyime? Nimnyime mimi niliyemzaa?" Walimpeleka kliniki naye. Alitoka huko hajaridhika sana, lakini alibuni njia yake. Mwanawe akipiga na kuuliza kama amegonga mtu, bibi husema, "Umekula?" Akiuliza tena, "Umekula nini?" Mpaka mwenyewe akachoka kupiga.

Fedha ziliwabana miezi ile. Mwenye chombo alivumilia kiasi, kisha akasema wazi kwamba ana wengine wanaoitaka bajaji. Mke alichukua mkopo kwenye kikoba na kuuza vipuli vyake vya dhahabu. Bado anavitaja, hasa wakiwa kwenye harusi.

Katika wiki ya kumi hivi, dereva alirudi nyumbani akiwa na sura ya mtu aliyeokota kitu. Alikuwa amepita Mabawa, kwenye tuta lile la kwanza, na baada ya kupita, mbele sana, ndipo alipogundua kwamba alikuwa akiwaza bei ya petroli.

Haikuisha. Siku akikosa usingizi, au kukiwa na msiba, mnong'ono hurudi. Mwezi wa Ramadhani, akiwa na swaumu, aligeuza mara mbili katika wiki moja. Mtoto alirudia darasa la tano, na kwa muda alikuwa na tabia ya kugeuka nyuma akitembea, mama akamwambia daktari mapema, bila kusubiri mwaka.

Miezi miwili iliyopita, njia ya Pongwe, dereva aligonga kweli. Alisikia kishindo, watoto wakapiga kelele, manyoya yakaruka, mama mmoja akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa kuku. Hakuwahiwa kuchinjwa, kwa hiyo hakuliwa. Dereva alilipa bei aliyotajiwa, akaomba radhi, akaendelea na safari. Usiku aliwaeleza mezani, polepole, kama mtu anayesimulia ndoto. Alisema jambo lililomshangaza ni kwamba hakuhitaji kuuliza. Alijua. Wala hakuwahi kujisikia hivyo hata mara moja katika zile safari zote za kurudi.

"Alikuwa wa rangi gani, Baba?" aliuliza mvulana.

"Mwekundu. Tetea."

Walicheka, wakala, wakalala. Saa saba usiku mke alisikia kitasa kikigeuzwa taratibu, kisha mlango. Alijua anakwenda kwenye matairi. Hakuinuka. Alilala akitazama juu, akisikiliza hatua kwenye mchanga, akahesabu: tairi la mbele. Alisubiri kusikia hatua zikizunguka kwenda nyuma.

Hazikuzunguka. Kitasa kikageuka tena, na mume akaingia kitandani na miguu ya baridi.